Mizizi, Vumbi na Mishipa ya Damu: Tiba za Asili za Nguvu za Kiume Zina Thamani Gani?

Jua likizama Dar es Salaam, biashara ya nguvu za kiume huamka. Vijana hupita vijiweni na masinia ya mihogo mibichi, vipande vya nazi na karanga mbichi. Karibu na vituo vya daladala sufuria za supu ya pweza zinachemka, na wateja wake wengi ni wanaume. Wengine wanauza alkasusu kwenye chupa. Kwenye nguzo za umeme zimebandikwa karatasi zenye namba za simu na ahadi ya kupona ndani ya siku chache. Ukienda Kampala utakuta mizizi ya mulondo imefungwa mafungu kando ya barabara. Magharibi mwa Kenya mzizi huohuo huitwa mukombero, na watu huutafuna mchana kweupe. Kisha kuna vumbi la Kongo, unga ambao jina lake limevuka mipaka ya nchi zetu. Wapo wanaoulamba, wapo wanaoupaka, na hakuna mnunuzi anayeweza kueleza umetengenezwa na nini.

Wengi hulicheka soko hili. Mimi siwezi kulicheka, kwa sababu nyuma ya kila fungu la mizizi linalonunuliwa yupo mtu mwenye shida ya kweli. Ameikalia kimya kwa miezi, pengine kwa miaka. Mke wake ameanza kudhani kuna mwanamke mwingine. Hospitali anaiogopa kwa sababu dirisha la mapokezi liko mbele ya watu, na akifika kwa daktari huenda akakutana na binti wa umri wa mwanawe. Muuza dawa wa mtaani hamuulizi jina. Anampa kifurushi, anampa na matumaini, na kwa bei anayoimudu.

Basi tulitazame soko hili kwa umakini linaoustahili. Je, dawa hizi zinafanya kazi? Ipi ina ushahidi, na ipi haina? Madhara yake yako wapi? Hoja yangu ni hii: miti shamba haistahili kutukanwa wala kuabudiwa, inastahili kupimwa. Lakini kabla mwanamume hajauliza dawa ipi, anapaswa kuuliza ugonjwa upi. Soko la mitaani limejengwa juu ya kuliruka swali hilo, na hapo ndipo linapotugharimu maisha ya watu.

Shida nne, kopo moja

Mtu anayekwenda kutafuta nguvu za kiume huweza kuwa na shida moja kati ya nne. Ya kwanza ni uume kushindwa kusimama, au kusimama na kulala kabla tendo halijakamilika. Ya pili ni kukosa hamu. Ya tatu ni kumaliza mapema. Ya nne ni mbegu chache au dhaifu, ambayo huzuia mimba ingawa tendo linafanyika vizuri. Shida hizi zina vyanzo tofauti na tiba tofauti. Mwenye hamu ndogo huenda ana upungufu wa homoni ya testosteroni, au ana msongo wa mawazo. Anayemaliza mapema mara nyingi mishipa yake ya damu ni mizima kabisa. Lakini muuzaji huwapa wote wanne kopo lilelile. Hiyo peke yake ni sababu ya kutilia shaka, kwa kuwa hakuna mti mmoja unaoweza kutibu magonjwa manne yasiyo na undugu.

Uchambuzi huu unahusu shida ya kwanza, ambayo ndiyo inayopeleka watu wazima wengi sokoni. Ili kujua dawa gani inaweza kusaidia, tunahitaji kujua kazi yenyewe inavyofanyika mwilini.

Mwanamume anapopata msisimko, neva hupeleka taarifa kwenye uume, na hapo neva pamoja na kuta za mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hiyo hulegeza misuli laini ya mishipa. Damu huingia kwa wingi, tishu za ndani hujaa, na kujaa huko hubana vena ambazo kwa kawaida hutoa damu nje. Damu inaingia kwa kasi na inatoka kwa shida. Ndiyo maana uume unasimama. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, Marekani iliidhinisha sildenafili, inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra. Dawa hiyo haileti hamu. Inazuia kimeng'enya kinachokatisha kazi iliyoanzishwa na gesi hiyo, hivyo bila msisimko haina la kufanya.

Kwa maneno mengine, jambo hili ni la damu, neva, homoni na akili, vyote vikifanya kazi kwa pamoja. Kinachoharibu mishipa ya damu huharibu nguvu za kiume: kisukari, shinikizo la juu la damu, lehemu nyingi, unene, sigara. Kinachoharibu neva huziharibu pia, na kisukari kiko hapa tena. Utafiti uliofanywa kwa wanaume wenye kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ukachapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao, asilimia 55.1, walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Tukumbuke kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 Tanzania ulikadiria kuwa karibu mtu mmoja kati ya 11 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana kisukari, na mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Wengi wa watu hao hawajui kwamba wanaumwa.

Mkulima wa mpunga anajua kwamba tope likianza kujaa, mifereji midogo huziba kabla ya mfereji mkuu. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Ndiyo sababu kwa wanaume wengi shida ya kusimama hutangulia shida ya moyo, mara nyingi kwa miaka 2 hadi 5. Mwanamume wa miaka 45 ambaye nguvu zake zimepungua polepole amepewa taarifa mapema kuhusu moyo wake. Akiitumia, anaweza kujiokoa na kiharusi au mshtuko wa moyo. Akiinyamazisha kwa unga wa kopo, taarifa hiyo inapotea na ugonjwa unaendelea.

Vipo vyanzo vingine. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa za kundi la thiazaidi na baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, zinaweza kudhoofisha nguvu. Kadhalika baadhi ya dawa za sonona. Mgonjwa huona mabadiliko, haambii mtu, anaacha vidonge vyake vya presha na kwenda kwa muuza mizizi. Amebadilisha tatizo linalorekebishika kirahisi, kwa kubadilishiwa dawa, na hatari ya kupooza. Na kwa vijana, chanzo mara nyingi ni akili: wasiwasi, ugomvi wa nyumbani, madeni, au hofu ya kushindwa baada ya kushindwa mara moja. Hapa mwili wenyewe hutoa dalili. Uume wa mwanamume mzima husimama mara tatu hadi tano usiku akiwa usingizini, na mara nyingi yeye huamka asubuhi ukiwa umesimama. Anayeamka vizuri asubuhi lakini anashindwa akiwa na mwenzi wake, uwezekano ni mkubwa kuwa mishipa yake ni mizima, na tiba yake iko kwenye mazungumzo kuliko kwenye chupa.

Miti imesema nini ilipoulizwa

Elimu ya miti katika eneo letu ni pana. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Uganda, Maud Kamatenesi-Mugisha na Hannington Oryem-Origa, walichapisha orodha ya mimea 33 inayotumiwa magharibi mwa Uganda kwa ajili ya tatizo hili. Miongoni mwa iliyotajwa sana ulikuwamo omuboro, ambao kitaalamu huitwa *Citropsis articulata*. Orodha kama hiyo ni hazina. Lakini orodha hueleza watu wanatumia nini, na haithibitishi kwamba kinachotumiwa kinatibu. Ushahidi una ngazi zake: kwanza matumizi ya jadi, kisha maabara, kisha wanyama, na mwisho majaribio kwa watu, ambapo kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, bila washiriki kujua nani kapewa nini. Dawa zetu nyingi zimekwama kwenye ngazi za chini.

Chukua mulondo, yaani *Mondia whitei*, mzizi unaonukia kama vanila. Umejaribiwa kwa panya na kuonyesha dalili za kuongeza hamu. Mwaka 2008 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba dondoo yake iliongeza mwendo wa mbegu za kiume ndani ya maabara. Haya ni matokeo ya kutia moyo, na yanahitaji kuendelezwa. Lakini mbegu kuogelea vizuri kwenye chombo cha kioo hakutuambii chochote kuhusu mishipa ya damu ya mzee mwenye kisukari. Muuzaji anayesema mulondo umethibitishwa kitaalamu anairuka ngazi ya mwisho nzima.

Ginsengi ya Asia imepimwa zaidi, kwa kuwa mataifa yanayoilima yamewekeza fedha katika utafiti wake. Mwaka 2021 mtandao wa kimataifa wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulichambua majaribio tisa yenye jumla ya wanaume 587. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ginsengi huenda ina athari ndogo mno kwa nguvu za kusimama ikilinganishwa na kidonge kitupu. Hata huo mmea unaosifiwa sana duniani, ulipowekwa kwenye mizani, uzito wake ulionekana mdogo.

Gome la yohimbe, kutoka misitu ya Kameruni, Gaboni na nchi jirani, lina historia tofauti kidogo. Kemikali yake, yohimbini, ilisafishwa, ikapimwa, ikatengenezewa vidonge. Mapitio ya mwaka 1998 ya majaribio saba yalionyesha kwamba inazidi kidonge kitupu. Hata hivyo inapandisha shinikizo la damu, inaongeza mapigo ya moyo na kuleta wasiwasi. Fikiria nani hasa anayetafuta dawa hii: mwanamume wa makamo, ambaye mara nyingi shinikizo la damu ndilo lililomletea tatizo. Mti wenye nguvu ya kweli unaweza kumdhuru zaidi kuliko mti usio na nguvu yoyote.

Tikiti maji nalo limepata umaarufu, na hapa lipo jambo la kweli ndani yake. Tikiti lina sitrulini, ambayo mwili huigeuza kuwa arginini, na arginini ndiyo malighafi ya ile gesi inayolegeza mishipa. Mwaka 2011 watafiti wa Italia waliwapa wanaume 24 wenye tatizo dogo gramu 1.5 za sitrulini kila siku kwa mwezi mmoja. Kumi na wawili walirejea katika hali ya kawaida. Walipokuwa kwenye vidonge vitupu, ni wawili tu waliofika hapo. Jaribio ni dogo, na walioshiriki walikuwa na tatizo jepesi. Pia kiasi cha sitrulini hupishana sana kati ya tikiti moja na jingine. Kwa hiyo tikiti ni tunda jema kwa mishipa ya damu, na kulila hakuna hasara kwa mtu asiye na kisukari. Kuliita tiba ni kulipa heshima ambayo bado halijaipata.

Vipi kuhusu pweza, karanga, nazi na mihogo mibichi? Pweza ana protini nyingi, mafuta kidogo na madini ya zinki. Karanga zina arginini. Ni vyakula. Mtu mwenye lishe duni atanufaika navyo mwili mzima. Lakini hakuna jaribio la kuaminika linaloonyesha kwamba bakuli la supu saa mbili usiku hufanya kazi saa nne usiku. Kuhusu mihogo mibichi kuna tahadhari ya kutoa: mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sayanaidi, na kuitafuna bila kuiandaa ni kujiweka hatarini.

Hata hivyo, anayesema kwamba mimea haiwezi kabisa kutibu tatizo hili hajui historia. Dawa ya kwanza ya sindano iliyofanya uume usimame ilitoka kwenye mmea. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa mishipa jijini Paris, Ronald Virag, alieleza jinsi papaverini ilivyosimamisha uume ilipodungwa moja kwa moja ndani yake. Papaverini hutokana na mpopi, mmea uleule unaotoa afyuni. Ilitenganishwa na kemikali nyingine za mmea huo, kipimo chake kikajulikana, hatari yake ya kusimamisha uume kwa saa nyingi na kuuharibu ikajulikana pia, na daktari akabeba dhamana. Hiyo ndiyo safari ambayo mulondo na omuboro bado haijasafiri. Hakuna sababu ya kuamini kwamba misitu yetu haina papaverini yake. Sababu ipo ya kusema kwamba hatujaitafuta kwa bidii ya kutosha.

Mbona waliotumia wanashuhudia?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali la haki. Kama dawa hizi hazijathibitishwa, mbona jirani anaapa kwamba zilimsaidia? Majibu ni mawili, moja la heri na jingine la shari.

La heri ni nguvu ya imani. Katika jaribio kubwa la sildenafili lililochapishwa mwaka 1998, wanaume waliopewa dawa yenyewe walifanikiwa katika asilimia 69 ya majaribio yao ya kujamiiana. Waliopewa vidonge vitupu walifanikiwa katika asilimia 22. Tafakari takwimu hii ya pili. Zaidi ya jaribio moja kati ya matano lilifaulu bila dawa yoyote. Kwa kuwa wasiwasi ni sehemu kubwa ya tatizo, kuondoa wasiwasi huleta nafuu ya kweli. Muuza mizizi anayezungumza kwa uhakika anaweza kupata mashahidi kadhaa kati ya kila wateja kumi, hata kama kopo lake lina unga wa mahindi. Mashahidi hao hawasemi uongo. Walioshindwa, kwa upande wao, hawarudi kulalamika. Aibu iliyowaleta sokoni ndiyo inayowafunga midomo.

La shari ni udanganyifu. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili hufanya kazi haraka mno, ndani ya saa moja, kwa sababu ndani yake mna vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Uchambuzi wa kumbukumbu za mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ulionyesha kwamba kati ya 2007 na 2016 bidhaa 776 za virutubisho zilikutwa na dawa zilizofichwa. Kati ya hizo, 353 zilikuwa za kuongeza nguvu za tendo la ndoa, na 166 kati yake zilikuwa na sildenafili. Hiyo ni nchi yenye maabara nyingi na wakaguzi wengi. Kwetu, ambako unga huchotwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi, hakuna sababu ya kudhani tuko salama zaidi.

Mtu anaweza kusema: kama ndani mna sildenafili, si afadhali, maana inafanya kazi? Hapana. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akilamba unga huo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka hadi kumuua, na daktari wa dharura hatajua kilichompata. Kipimo nacho hakijulikani: leo kijiko kina nusu kidonge, kesho kina vinne. Tena mchanganyaji hachagui kwa uangalifu. Singapore ilijifunza hili kwa machungu. Ndani ya miezi mitano ya kwanza ya mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali wakiwa na upungufu mkali wa sukari mwilini. Wachunguzi waligundua kwamba dawa haramu za kuongeza nguvu za kiume zilikuwa zimechanganywa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Saba walibaki bila fahamu, na wanne kati yao walifariki. Walikuwa wanatafuta faraja chumbani.

Tiba za asili zisizo na muuzaji

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoitaka kila msomaji aikumbuke. Zipo tiba za asili zenye ushahidi mzuri kuliko mizizi yote niliyoitaja. Hazitangazwi kwa vipaza sauti kwa sababu hazifungwi kwenye kopo.

Ya kwanza ni kupunguza uzito. Mwaka 2004 watafiti wa Napoli, Italia, walichapisha matokeo ya wanaume 110 wanene wenye tatizo la kusimama. Nusu walifundishwa kwa kina namna ya kupunguza uzito kwa chakula na mazoezi. Nusu walipewa maelezo ya jumla. Baada ya miaka miwili, 17 wa kundi la kwanza walikuwa wamerudi katika hali ya kawaida, dhidi ya watatu wa kundi la pili. Karibu mmoja kati ya watatu alipona bila dawa yoyote.

Ya pili ni mazoezi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalipendekeza dakika 40 za mazoezi ya kutoa jasho, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita. Kutembea kwa kasi kunatosha kuanzia. Fundi anayeshinda amekaa, dereva wa lori, mfanyakazi wa ofisi, wote wanaweza kulifanya hili bila kununua kitu.

Ya tatu ni mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile ambayo mtu huikaza anapozuia mkojo au upepo. Misuli hii husaidia kuifungia damu ndani ya uume. Katika jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004, kati ya wanaume 55 walioyafanya kwa kufuatiliwa, asilimia 40 walirudi katika hali ya kawaida ndani ya miezi sita, na wengine zaidi ya theluthi moja walipata nafuu. Hufanywa umekaa, umesimama au umelala: kaza, hesabu hadi kumi, legeza, rudia. Jirani yako kwenye daladala hatajua.

Ya nne ni kuacha kinachoua: sigara inayoharibu mishipa, pombe nyingi inayodhoofisha neva na homoni, kukesha usiku kucha. Ya tano ni mazungumzo ya mke na mume. Mwanamke anayeambiwa ukweli huacha kujilaumu na kuacha kumshuku mwenzake, na huwa mshirika katika tiba. Mwanamume anayejua kwamba hatachekwa amepunguziwa nusu ya mzigo. Wazee wetu waliokuwa wakiwafunda vijana kabla ya ndoa walilijua hili. Somo na kungwi walikuwapo ili mambo ya chumbani yapate pa kusemewa. Tumeziacha shule hizo na hatujazipatia mbadala, na kwenye pengo hilo ameingia mwenye kipaza sauti.

Nani afanye nini

Sheria hazikosekani. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2019. Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili ina mizizi yake katika kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Tanzania ina Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali yenye uwezo wa kubaini kilichomo ndani ya unga wowote. Kinachohitajika ni kuziunganisha sheria na taasisi hizi. Bidhaa zinazouzwa sana zinunuliwe sokoni kwa utaratibu, zipimwe, na matokeo yatangazwe kwa majina kwenye redio, kwa Kiswahili chepesi. Anayechanganya dawa za hospitali kwenye mizizi ashitakiwe kama muuza sumu.

Mganga wa kweli hana la kuogopa katika hili. Yeye ndiye anayeharibiwa jina na matapeli. Anaweza kuwa mlinzi wa kwanza wa afya ya wanaume kama atafundishwa kumpima mteja shinikizo la damu kabla ya kumpa chochote, na kumpeleka kituo cha afya anapoona dalili. Vyuo vyetu vina deni la kufikisha mulondo na omuboro kwenye majaribio ya watu. Kazi hiyo haiwezi kusubiri sana: yote miwili huchimbwa mizizi yake, na mti uliong'olewa mzizi haurudi. Msitu ukiisha kabla ya utafiti, tutakuwa tumeuza elimu ya mababu kwa mafungu kando ya barabara na hatutaipata tena.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Kila mwanamume anayekuja kliniki ya kisukari au ya presha aulizwe kuhusu hali yake ya chumbani, kwa faragha na kwa heshima, bila kusubiri aseme mwenyewe. Sildenafili leo inatengenezwa na viwanda vingi na bei yake imeshuka. Tena daktari anajua nani hapaswi kuitumia.

Na wewe unayesoma ukiwa na shida hii, au mume wako anayo: kunywa supu ya pweza ukiipenda, kula tikiti kama huna kisukari, tafuna karanga. Usilambe unga usiojua asili yake, usiache dawa zako za presha bila kumwambia aliyekuandikia. Kabla ya kununua chochote, nenda kapime shinikizo la damu na sukari. Vipimo hivyo viwili vinapatikana hata kwenye kituo kidogo cha afya, na vinaweza kukuambia jambo ambalo hakuna muuza mizizi atakayekuambia: kwamba unaumwa ugonjwa unaotibika, na kwamba umeugundua mapema.